Uzazi wa mpango baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kosa linalojirudia ni hili: mwanamke anafanyiwa baipasi (upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula na kugeuza njia ya utumbo), anarudi nyumbani na vidonge vyake vya majira vilevile, na mwezi wa tano anapima mkojo kwa sababu kichefuchefu hakiishi. Mistari miwili. Mwingine hakuwa akitumia chochote, kwa sababu miaka minane ya ndoa hakushika mimba na alishakata tamaa. Kilo 20 zikapungua, yai likaanza kutoka tena, hedhi yenyewe haijajipanga, na tayari ana mimba.

Wote wawili waliambiwa "usishike mimba kwanza". Hawakuambiwa wafanyeje. Maelezo haya ni kwa aliyekwisha kufanyiwa upasuaji, na zaidi kwa anayesubiri tarehe, maana wakati mzuri wa kuchagua njia ni kabla ya kulazwa.

## Andaa hivi kabla ya kwenda kliniki

- Karatasi ya kutoka hospitali inayotaja jina la upasuaji. Kama ulifanyiwa India au Uturuki, piga picha karatasi hiyo na uihifadhi kwenye simu.
- Tarehe ya upasuaji, na tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho.
- Uzito na urefu wako wa sasa.
- Majibu ya damu ya karibuni: himoglobini, na feritini kama ipo. Feritini ni akiba ya madini ya chuma mwilini. Huanza kushuka kabla himoglobini haijashuka.
- Kipimo cha shinikizo la damu (presha).
- Orodha ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za kifafa, TB, ARV, na sindano za kupunguza uzito.
- Kondomu za kutosha wiki mbili. Sababu iko hatua ya sita.

## Hatua ya 1: Jua tumbo lako lilifanywa nini

Watu husema tu "nimekatwa tumbo", lakini kwa uzazi wa mpango aina ya upasuaji ndiyo inayoamua.

Kupunguza mfuko wa chakula peke yake. Hapa sehemu kubwa ya mfuko imekatwa ukabaki kama mrija (wengi huita sliivu), au umefungwa mkanda juu. Utumbo haukuguswa. Chakula na dawa hupita njia ileile, ila kwa kiasi kidogo.

Kupunguza mfuko na kugeuza njia ya utumbo. Hii ndiyo baipasi, pamoja na aina nyingine zinazoruka kipande kirefu zaidi cha utumbo mwembamba. Kipande kinachorukwa ni kilekile kinachofyonza sehemu kubwa ya dawa na madini.

Puto linalowekwa ndani ya mfuko wa chakula. Si upasuaji. Ila wiki za mwanzo mtu hutapika sana, kwa hiyo lolote linalosemwa hapa chini kuhusu kutapika linamhusu pia.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumwambia muuguzi kwa sentensi moja. Kwa mfano: "Sista, nilifanyiwa baipasi mwezi wa tatu, utumbo wangu umeunganishwa upya, vidonge havifyonzwi vizuri. Naomba njia isiyopita tumboni." Sema hivyo hivyo. Kliniki nyingi za uzazi wa mpango hazijawahi kumhudumia mtu mwenye baipasi, na usipotaja, utapewa pakiti ya vidonge kama mwingine yeyote.

## Hatua ya 2: Hesabu miezi unayohitaji kinga

Madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji kabla ya kushika mimba. Wengine husema hadi 24. Katika kipindi hicho mwili unapoteza uzito kwa kasi na akiba ya chuma, B12, foleti na vitamini D inayumba. Mtoto tumboni anajengwa kwa akiba hiyohiyo.

Kwa hiyo jiulize: nataka mtoto mara tu miezi 18 ikiisha, baada ya miaka mitatu, au nimemaliza kuzaa? Jibu lako litaondoa baadhi ya njia kabla hujafika kwa daktari.

Onyo: usingoje hedhi irudi ndipo uanze. Yai hutoka kabla ya hedhi. Wenye PCOS, ile hali ya vifuko vingi kwenye ovari, wanaweza kurudiwa na uwezo wa kushika mimba ndani ya miezi michache tu ya kupungua uzito, hata kama walikaa mwaka mzima bila kuona siku zao.

## Hatua ya 3: Weka vidonge kando

Kidonge hufanya kazi kikifyonzwa. Baada ya baipasi njia ya kufyonza imefupishwa, na ukiongeza kuhara au kutapika, kiasi cha homoni kinachofika kwenye damu hakitabiriki. Huwezi kujua siku ipi kimeingia na siku ipi hakikuingia. Hiyo ndiyo hatari yenyewe: mwanamke anameza kila siku bila kukosa na anajiona salama.

Miongozo haifanani hapa. Mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unaruhusu vidonge kwa waliopunguziwa mfuko peke yake, na unashauri visitumike kwa kawaida kwa waliofanyiwa baipasi. Wataalamu wa Uingereza wanashauri vidonge viepukwe kwa makundi yote mawili. Sisi tunaegemea upande wa Uingereza, kwa sababu moja ya kawaida kabisa: miezi ya mwanzo karibu kila mtu hutapika mara kwa mara, kwa kula haraka, kwa tonge kubwa, kwa ugali mkavu. Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza kidonge, hesabu kwamba hukukimeza.

Vidonge vyenye homoni ya estrojeni vina tatizo la pili, kuganda kwa damu. Upasuaji mkubwa na kulala kitandani huongeza hatari hiyo, na unene nao huongeza. Kwa sababu hiyo huachwa wiki 4 kabla ya upasuaji. Mwenye BMI ya 35 au zaidi kwa kawaida hapewi kabisa. (BMI ni kilo zako ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: kilo 100 kwa mita 1.60 ni 39.) Angalizo: kuacha vidonge wiki 4 kabla bila kuweka kitu kingine ni kujitengenezea mimba ya wiki ya upasuaji. Badilisha, usiache tu.

Na ukiwa unatumia sindano ya tirzepatide, dawa ya kupunguza uzito inayouzwa kwa jina la Mounjaro, nayo hupunguza ufyonzwaji wa vidonge vya uzazi wa mpango. Wanaoitumia huambiwa waongeze kondomu kwa wiki 4 baada ya kuanza na wiki 4 kila dozi inapopandishwa.

## Hatua ya 4: Chagua kati ya zilizobaki kwa kuangalia damu na mifupa

Hapa ndipo pa kutulia. Njia zisizopita tumboni ni kijiti, lupu ya shaba, lupu ya homoni, sindano, kondomu na kufunga kizazi. Baipasi haizipunguzii nguvu. Kinachozitofautisha kwako ni vitu viwili ambavyo upasuaji huvishambulia: damu na mifupa.

### Kijiti

Huwekwa chini ya ngozi, ndani ya mkono wa juu. Implanon NXT ni kijiti kimoja cha miaka 3. Jadelle ni viwili vya miaka 5. Kati ya wanawake 100 wanaokitumia mwaka mzima, anayeshika mimba hafiki hata mmoja. Hakina estrojeni. Kikitolewa, uwezo wa kuzaa hurudi haraka, kwa hiyo kinamfaa sana anayetaka mtoto mara tu miezi 18 ikiisha.

Kinachowachosha wengi ni hedhi isiyo na mpangilio: matone leo, kimya mwezi mzima, kisha siku kumi za damu kidogo. Si hatari, ila ukiwa na upungufu wa damu na siku zinakuwa ndefu, rudi ukaseme.

Jambo ambalo halisemwi sana: ukishapungua kilo nyingi, ngozi ya mkono hulegea, na baadhi ya watu huenda kukatwa ngozi hiyo. Kijiti kiko palepale penye kisu. Mwambie daktari atakayekata ngozi kabla ya siku yenyewe.

### Lupu ya shaba

Haina homoni yoyote, hudumu miaka 10 au zaidi, na kwenye vituo vingi vya serikali hupatikana kwa urahisi. Mimba ni chini ya moja kwa wanawake 100 kwa mwaka.

Tatizo ni damu. Lupu ya shaba huongeza wingi wa hedhi na maumivu, hasa miezi ya mwanzo. Kwa mwanamke mwingine hilo ni usumbufu. Kwa aliyefanyiwa baipasi, ambaye chuma cha chakula hakifyonzwi vizuri na nyama haipiti kooni, hilo linaweza kumshusha himoglobini polepole hadi kizunguzungu na moyo kwenda mbio kwa kupanda ngazi tu. Kama hedhi yako tangu zamani ni ya kubadilisha pedi kila baada ya saa mbili, au feritini yako tayari iko chini, usianze na hii.

Kama hedhi yako ni nyepesi na damu yako iko vizuri, ni njia nzuri sana. Pima himoglobini baada ya miezi 3.

### Lupu ya homoni

Hii ndiyo tungeiweka juu kwa wengi waliofanyiwa baipasi, ikipatikana. Homoni yake hukaa zaidi ndani ya mfuko wa uzazi, na hedhi hupungua. Wengine huikosa kabisa baada ya miezi kadhaa. Kwa mtu anayepigania chuma, hiyo ni faida maradufu. Vilevile hulinda ukuta wa mfuko wa uzazi, ambao kwa wanawake wanene wenye hedhi za nadra huwa katika hatari ya kuota kupita kiasi. Ile yenye miligramu 52 za levonorgestrel (ndiyo homoni yenyewe) hudumu miaka 5 au zaidi.

Kikwazo ni bei na upatikanaji. Uliza hospitali kubwa kabla hujakubali "haipo". Na uulize jambo moja zaidi: inaweza kuwekwa siku ileile ya upasuaji, ukiwa bado na dawa ya usingizi? Daktari wa upasuaji na wa wanawake wakipanga pamoja, inawezekana, na hutasikia maumivu ya kuiweka.

### Sindano

Depo huchomwa kila baada ya miezi 3. Inafanya kazi vizuri ukiwahi tarehe. Kwa matumizi ya kawaida, yenye kuchelewa na kusahau, mimba ni kama 4 kwa wanawake 100 kwa mwaka. Inapatikana hadi zahanati ya kijijini, na ile ndogo ya kuchoma chini ya ngozi, Sayana Press, mwanamke anaweza kufundishwa kujichoma mwenyewe.

Sababu tatu zinaifanya isiwe chaguo la kwanza hapa. Kwanza, hupunguza uzito wa mifupa wakati wa matumizi, na baipasi nayo hupunguza; mambo mawili yanavuta kamba upande mmoja. Pili, kwa baadhi ya wanawake huongeza hamu ya kula na kilo, jambo ambalo hukuuza shamba ili ulipate. Tatu, baada ya sindano ya mwisho uwezo wa kuzaa unaweza kuchelewa miezi kadhaa, hata karibu mwaka. Anayetaka mtoto mwezi wa 18 asiitumie.

Ikiwa ndiyo pekee iliyopo, itumie, ni bora mara nyingi kuliko vidonge. Meza kalisi na vitamini D bila kukosa, na ukifika miaka 2 kaa na daktari muangalie upya. Kama bado una mwili mkubwa, omba ile ya misuli ichomwe begani badala ya makalioni, kwa sababu makalioni sindano fupi inaweza kuishia kwenye mafuta.

### Kondomu na kufunga kizazi

Kondomu peke yake, kwa matumizi ya kawaida, huacha mimba kama 13 kwa wanawake 100 kwa mwaka. Ni nyingi mno kwa kipindi hiki. Itumie pamoja na njia nyingine, na kwa kujikinga na magonjwa.

Kwa waliomaliza kuzaa, mume kufunga kizazi ni upasuaji mdogo kuliko wa mke, na humwepusha mwanamke kufunguliwa tumbo tena. Ila kinga haianzi siku hiyo: tumieni kondomu miezi 3 na mbegu zipimwe. Tunajua mazungumzo haya nyumbani ni magumu. Anzisheni mapema.

## Hatua ya 5: Pitia dawa zako nyingine

Dawa hizi huharakisha ini kuvunja homoni: rifampisini ya TB, na za kifafa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabito. Hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti. Kwa anayezitumia, lupu ya aina yoyote au Depo hubaki salama.

Kwa wanaotumia ARV: efavirenzi hupunguza homoni ya kijiti. Dawa za sasa zenye dolutegravir, ambazo wengi huzijua kama TLD, hazina tatizo hilo. Kama hujui unameza ipi, nenda na kichupa chenyewe.

## Hatua ya 6: Siku ya kuwekewa

Muuguzi lazima awe na uhakika kwamba huna mimba. Njia rahisi ni kwenda ukiwa kwenye hedhi.

- Kijiti, sindano au lupu ya homoni ndani ya siku 7 za kwanza za hedhi: kinga inaanza siku hiyohiyo. Baada ya hapo: kondomu kwa siku 7.
- Lupu ya shaba: kinga inaanza papo hapo, siku yoyote itakayowekwa.

Kama hedhi yako haina mpangilio, usitumwe nyumbani "uje ukiona siku zako". Pima mkojo, anza njia, tumia kondomu siku 7, kisha pima tena baada ya wiki 3. Zile kondomu za kwenye orodha ya juu ni za hapa.

Mafanikio yanaonekana hivi. Kijiti: unakigusa kwa kidole kama njiti ya kiberiti chini ya ngozi. Usipokigusa, usitoke kliniki. Tumia kondomu mpaka kipatikane kwa ultrasaundi. Kiguse tena kila mwezi, hasa uzito unapobadilika. Lupu: unagusa uzi laini ukeni. Uzi ukirefuka, ukipotea, au ukigusa plastiki ngumu, rudi.

Rudi siku hiyohiyo ukiwa na maumivu makali ya tumbo la chini, homa pamoja na uchafu wenye harufu, au mguu mmoja uliovimba na kuuma.

Kalisi na chuma visimezwe pamoja, viachanishe saa 2, kwa kuwa kalisi huzuia chuma kufyonzwa. Baada ya baipasi chagua kalisi ya sitreti, maana ya kaboneti huhitaji asidi ya tumbo ambayo sasa ni kidogo.

## Hatua ya 7: Kondomu ikipasuka

P2 ni kidonge cha dharura cha levonorgestrel, kwa hiyo ina udhaifu uleule wa hatua ya tatu. Tena nguvu yake hupungua kwa mwenye uzito wa zaidi ya kilo 70 au BMI ya zaidi ya 26.

Chaguo la kwanza ni lupu ya shaba, iwekwe ndani ya siku 5. Haijali uzito wala utumbo, na unabaki nayo kama njia yako ya kuendelea nayo. Kama haipatikani, muulize mfamasia au daktari kuhusu ulipristali miligramu 30, au levonorgestrel dozi mara mbili, yaani miligramu 3 badala ya 1.5. Vyote ni bora vikimezwa mapema. Pima mkojo baada ya wiki 3, hata ukiona damu.

## Hatua ya 8: Ukihisi tofauti, au ukiwa tayari kwa mtoto

Kichefuchefu, kutapika, uchovu, kukosa hedhi: dalili za mimba ni zilezile za tumbo lililopunguzwa na za kijiti. Usikisie. Kipimo cha mkojo hakiathiriwi na upasuaji. Kinauzwa duka lolote la dawa.

Ukitaka mtoto, usitoe njia kwanza. Miezi 3 kabla, pima himoglobini, feritini, B12, foleti na vitamini D, na urekebishe zilizopungua. Anza foliki asidi: kipimo cha kawaida ni mikrogramu 400 kwa siku, lakini mwenye BMI ya 30 au zaidi, au mwenye kisukari, huandikiwa miligramu 5 na daktari. Angalia kibandiko cha vitamini zako: zenye vitamini A ya aina ya retinoli kwa wingi zinaweza kumdhuru mtoto, tafuta zenye beta-karotini. Majibu yakiwa mazuri ndipo kijiti au lupu itoke.

Kliniki ya wajawazito waambie kuhusu baipasi siku ya kwanza. Yale maji matamu ya glukosi ya kupima kisukari yanaweza kukuangusha kwa jasho, mapigo ya moyo na kuhara. Omba wapime sukari kwa njia nyingine. Na maumivu makali ya tumbo la juu kwa mjamzito mwenye baipasi yasichukuliwe kuwa kiungulia. Utumbo unaweza kuwa umenasa ndani. Nenda moja kwa moja hospitali yenye daktari wa upasuaji, usipitie zahanati, na uibebe ile karatasi ya kutoka hospitali.